Basi la Saa Moja Jioni

Jua lilipoaga kisiwa cha Skarvøya mwishoni mwa Novemba, lisichomoze tena mpaka Januari, Halvdan Eikrem hakwenda kulitazama. Wenzake walipanda kilimani na chupa zao za kahawa kama kila mwaka, wakasimama kwenye upepo wakiangalia ukingo mwembamba mwekundu ukizama baharini, wakarudi nyumbani na pua zinazochuruzika. Yeye alibaki kitandani. Alipoulizwa alisema mgongo unamsumbua. Mgongo wake haukuwa na neno.

Sisi wa kisiwa hiki tuna neno moja la kufunikia kila kitu kuanzia siku hiyo mpaka katikati ya Januari: giza. Mtu akisinzia kwenye mazoezi ya kwaya, ni giza. Akimfokea mkewe kwa sababu ya kijiko, giza. Akila keki nzima peke yake amesimama jikoni, giza hilo hilo. Ni kisingizio kizuri kwa sababu kina ukweli ndani yake, na ubaya wake ni huo huo, maana hakuna anayejua nani amechoka kama watu wote na nani anazama.

Halvdan alikuwa anazama. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa dereva wa basi la shule. Mkewe alihamia kusini zamani na hakuna aliyemlaumu, hata Halvdan mwenyewe. Alikuwa amezoea kuishi peke yake. Jambo geni mwaka huu lilikuwa usingizi. Alilala kwa saa kumi nzima na akaamka amechoka kuliko alivyolala. Kuvaa soksi kulikuwa kazi ya kufikiria kwanza. Vyombo vilirundikana kwenye beseni mpaka akaanza kulia chakula ndani ya sufuria, na posta ilibaki sandukuni kwa sababu sanduku lilikuwa ng'ambo ya barabara. Dada yake alimtumia ile taa ya mwanga mkali ambayo mtu hukaa mbele yake nusu saa kila asubuhi badala ya jua. Halvdan aliitumia kukaushia glovu.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamtoa kitandani, nacho ni basi. Watoto kumi na mmoja walimsubiri kwenye baridi, na mtu hawezi kuwaacha watoto kwenye baridi. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi alijikokota, akanywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki na kikombe cha kahawa nyeusi, akawasha injini. Akiwarudisha watoto makwao mchana, alikuwa amemaliza nguvu zote alizopewa kwa siku hiyo. Alijua, na alijua vizuri, kwamba siku akikosa basi hataamka tena. Ndiyo maana hakumwambia mtu yeyote jinsi alivyokuwa. Wakimuuliza, alijibu kama tunavyojibu sote: inakwenda.

Jumatano ya wiki ya pili ya Desemba alikula chakula chake saa kumi, kababu za samaki na viazi, kisha akajinyoosha kwenye kochi. Hapo hakuna la ajabu. Nusu ya kisiwa hujinyoosha kwenye kochi baada ya chakula, na anayempigia mtu simu saa hiyo huonekana hana adabu. Lakini wengine hupitiwa na lepe la usingizi na kuamka baada ya dakika ishirini. Halvdan alilala usingizi wa pono.

Alipofumbua macho, nje kulikuwa giza. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja. Saa moja, na yeye bado na nguo za jana kwenye kochi, na theluji imeanguka usiku kucha. Hakupoteza muda kuitafuta simu. Alivaa koti juu ya nguo alizolalia, akachukua koleo, akasafisha njia mbele ya gereji huku jasho likimtoka, akaliondoa basi dakika moja tu baada ya wakati wake. Alijisifu kidogo kwa hilo. Hata alijisikia vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kwenye kituo cha kwanza, mita mia mbili kutoka kwake, hapakuwa na mtu. Hapo huwa anasimama Sunniva wa miaka minane na kaka yake. Nyumba yao ilikuwa inawaka taa, lakini Desemba kila nyumba huwaka taa, nyota ya karatasi ya Krismasi kila dirisha tangu asubuhi mpaka watu wanapolala. Halvdan alifungua mlango, akasubiri dakika nne. Akakumbuka kwamba kuna ugonjwa wa tumbo unaozunguka shuleni. Maskini, akasema moyoni, akaondoka.

Kituo cha pili napo patupu. Alifungua mlango ili kama kuna mtoto anayekuja mbio amwone. Baridi ikaingia, mtoto hakuingia. Mwanamume mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa alisimama akalitazama basi, akapunga mkono taratibu sana. Halvdan akampungia.

Kituo cha tatu kiko mbele ya nyumba ya Ingebjørg Nesheim, mwalimu mkuu, mwanamke wa maneno machache ambaye ndiye anayesimamia basi na dereva wake. Hapo Halvdan alisimama, akafungua mlango, akasubiri. Pazia la jikoni likasogea. Baada ya kitambo Ingebjørg alitoka amejitupia koti la mumewe mabegani na kuvaa viatu vya kuazima, akavuka theluji, akapanda basi na kukaa kiti cha mbele kabisa.

"Leo wote wanaumwa tumbo?" Halvdan akauliza. "Sijapata hata mmoja."

"Funga mlango, baridi inaingia."

Akafunga. Ndipo akaona mikono ya Ingebjørg. Ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Kumbe unaoka asubuhi yote hii?"

"Huwa naoka wakati huu."

"Kabla ya kwenda kazini? Una moyo."

"Baada ya kutoka kazini, Halvdan."

Vifuta kioo vilikwenda, vikarudi. Halvdan alitazama dirisha la jikoni, akamwona mume wa Ingebjørg amekaa mbele ya televisheni na sahani mapajani, na mtangazaji wa habari za jioni akisogeza midomo. Akaelewa. Mtu mwingine angecheka mpaka machozi yamtoke, na kesho angekuwa wa kwanza kulisimulia dukani. Halvdan alizima vifuta kioo.

"Ni giza tu," akasema.

"Hata mimi niko kwenye giza hilo hilo," akasema Ingebjørg. "Nimeunguza trei mbili za biskuti na nimemtukana mume wangu bila kosa. Lakini najua kama ni asubuhi au jioni."

"Nilikuwa nimelala. Mtu akiamka ghafla..."

"Jana ulilala kwa saa ngapi?"

"Za kutosha."

"Ngapi?"

"Kumi. Kumi na moja. Na leo tena tatu." Alisema haya akiangalia usukani. "Haziingii, Ingebjørg. Nalala kama gogo na haziingii mwilini."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

"Na sufuria hiyo?" Ingebjørg alionyesha kwa kidevu upande wa dereva. Pembeni ya kiti kulikuwa na sufuria ndogo yenye uma ndani yake. Halvdan hakukumbuka ni lini aliileta.

"Basi, umeshaona," akasema.

Mtu aliyekuwa anatembeza mbwa alipita tena, akajifanya hawaoni, jambo ambalo si rahisi, maana basi lilikuwa limewaka taa zote ndani kama duka.

"Naomba ufunguo," Ingebjørg akasema.

"Sijawahi kuingiza hata tairi mtaroni. Miaka kumi na tisa."

"Najua."

"Basi unanichukulia ufunguo kwa kosa la saa? Hapakuwa na mtoto hata mmoja ndani."

"Ndiyo maana nauchukua leo. Nina watoto kumi na mmoja, Halvdan. Sisubiri siku watakapokuwemo."

Alitamani kukasirika. Alijitafutia hasira ndani yake, akaikosa, kama alivyokosa kila kitu tangu Oktoba. Kilichotoka kilikuwa kitu kingine, na kilitoka bila yeye kukipa ruhusa.

"Ukiuchukua sitaamka," akasema. "Sikutishi. Nakwambia ilivyo. Naamka kwa ajili ya basi. Basi likiondoka, hakuna kitu kingine kule ndani." Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua, na hilo ndilo lililomtisha Ingebjørg zaidi ya maneno yenyewe.

Mwalimu mkuu alijifuta unga kwenye koti la mumewe.

"Kesho daktari yuko kisiwani," akasema. "Saa nne nakuja kukuchukua, na nitakaa pale mlangoni mpaka uingie. Uoge kwanza. Watoto watapelekwa na wazazi mpaka Ijumaa. Jumatatu anakuja kijana kutoka bara, anaitwa Amund, ana leseni na hajui kitu. Atapita kona ya Steinvika kama anapita uwanja wa mpira. Nani atamwambia kwamba pale barafu iko chini ya theluji?"

"Mwandikie."

"Mwandikie nini? Hata mimi sijui unavyopita. Utakaa mbele, utamwonyesha kila kona, kwenda na kurudi, mpaka jua litakapotoka. Atakukuta kituo cha kwanza pamoja na watoto. Saa moja na nusu. Ya asubuhi."

"Unanihurumia."

"Nikikuhurumia nitakuletea biskuti. Hapa nataka mtu wa kunilindia basi."

Halvdan alizima injini, akauchomoa ufunguo na kumpa. Alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani alipita nyumba kumi na nne, na alijua kwamba katika kila moja kuna mtu aliyeliona basi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyeuliza maswali kwa upole na kuandika majibu yote. Alimpa vidonge, akamwambia vitachukua wiki kadhaa kufanya kazi, akamwuliza kama amewahi kufikiria kujiua. Halvdan akajibu kwamba hata hilo lingehitaji mtu kuamka. Daktari hakucheka, aliandika na hilo, akasema atampigia simu kila siku mbili. Pia akamwuliza kuhusu taa. Halvdan aliona aibu kusema habari za glovu, akasema ipo.

Ijumaa alilala. Jumamosi alilala, akapokea simu ya daktari akiwa chini ya blanketi, akajibu ndiyo na hapana. Jumapili jioni aliweka kengele tatu: ya simu, ya jiko, na saa ya zamani ya mama yake inayopiga kelele za kuamsha maiti, akaiweka bafuni ili lazima ainuke kwenda kuizima.

Jumatatu zote tatu zilipiga. Aliinuka, akaizima ya bafuni, akarudi kitandani. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Sauti moja kichwani ilimwambia maneno ya akili kabisa: Amund ana ramani, watoto hawakusubiri wewe, leo hakuna anayeganda kwa sababu yako. Kila neno lilikuwa kweli. Alilala akitazama dari kwa dakika kumi na mbili, akiona jinsi ambavyo siku hiyo ingeweza kupita, na inayofuata, na Januari nzima, bila mtu kugonga.

Kisha akavaa soksi. Hakuwa na sababu aliyoipata; alivaa tu, moja, halafu ya pili, na baada ya soksi ilibaki suruali. Hakunywa kahawa. Hakuosha uso. Alitoka na koti wazi, akarudi ndani kwa sababu alikuwa amesahau viatu vya misumari vya kukanyagia barafu, akatoka tena.

Kituoni walikuwepo Sunniva na kaka yake, wamevaa fulana zao za kumeremeta gizani. Sunniva alimtazama tangu chini mpaka juu.

"Mama amesema tusikucheke," akasema.

"Mama yako ana adabu. Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilishacheka. Jumatano. Tulikuona kupitia dirisha, ukafungua mlango, ukakaa, ukafunga mlango." Akaigiza mlango kwa mikono yake miwili. "Baba alitaka kutoka, lakini akashindwa kuvaa viatu kwa kicheko."

Kifua cha Halvdan kilisukuma kitu juu, kikatoka puani kwanza, halafu mdomoni. Kicheko kilikuwa kifupi na kilimwuma kooni, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu.

"Dakika nne niliwasubiri," akasema.

"Tulihesabu. Zilikuwa sita."

Taa mbili zilijitokeza kwenye kona, taratibu mno, za mtu anayeiogopa barabara. Basi likasimama mbali kidogo na kituo, likasogea, likasimama tena. Mlango ukafunguka. Kijana mwenye ndevu changa aliinama kwenye usukani, karatasi mkononi, macho yamemtoka.

"Nimeambiwa kuna mtu anaitwa Halvdan," akasema. "Nisiondoke bila yeye. Mmemwona?"

Sunniva alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Aligeuka, akamshika Halvdan mkono wa koti, akamvuta mbele.

"Huyu hapa," akasema. "Amekuja."