Volti za Saa Kumi

Alhamisi, saa nane mchana, Fundi Baadaye alivua viatu mlangoni, akatandika gazeti ili begi lake la vifaa lisichafue zulia, akaomba kitambaa kikavu. Sebuleni kulikuwa na watu saba na hakuna hata mmoja aliyekuwa na shughuli. Nyumba ile ilikuwa na tangi la samaki wa maji ya chumvi, refu kama kitanda cha mtu mzima, na mtaa mzima ulizoea kuja kulitazama na, wakishalitazama, kukaa.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Hili la Baadaye alipewa na mtaa, kwa sababu kila kazi aliyoifanya ilibakiza kipande, na kila kipande alikiahidi siku nyingine.

"Makubwa!" alisema shangazi, dada wa mwenye nyumba, aliyekuja kukaa wiki mbili miaka minne iliyopita. "Fundi Baadaye, leo umekuja leo?"

"Nimekuja, shangazi."

"Basi anueni nguo, mvua hiyo."

Shida alielezwa na wote saba kwa mpigo. Maji yanauma. Ukitia mkono kuwalisha samaki unapigwa shoti mpaka kwenye kiwiko. Samaki wenyewe wamejibana pembe moja kama wageni waliosikia wanasengenywa, wengine wametokwa na vidonda ubavuni, wawili wamekufa wiki hiyo. Mwenye nyumba, ambaye mtaa ulimwita Mzee wa Samaki, alidhani chumvi imezidi. Akaipima. Haikuzidi.

"Marehemu naye alikuwa akisema hivyohivyo," alisema jirani mmoja. "Kwamba maji yanamuuma."

Mke wa Mzee wa Samaki akaanza kumimina chai kwenye vikombe vilivyokuwa bado vimejaa.

Marehemu alikuwa binti wa kazi wa nyumba hiyo. Alianguka mwaka jana mbele ya tangi, kitambaa mkononi. Nyumba ilisema ni moyo, na cheti kikaandikwa hivyo.

Fundi Baadaye alitoa mita yake. Ncha nyeusi akaichomeka kwenye tundu la ethi la soketi, lile la waya unaopaswa kwenda kuzama ardhini. Ncha nyekundu akaitumbukiza majini. Mita ikasoma sifuri.

"Hapa hakuna kitu," alisema.

Shangazi akachovya kidole, akakitoa haraka, akakitia mdomoni. "Kidole changu kinasema kipo. Nani muongo, mimi au hicho kidude?"

Fundi alichukua waya mrefu, akaupitisha dirishani, akaufunga kwenye bomba la chuma la uani, akapima upya. Volti thelathini na nane. Akaanza kuchomoa kimoja kimoja, kama wanavyofanya mafundi wote duniani. Alipochomoa taa, zikabaki thelathini na moja. Alipochomoa pampu ya mawimbi, zikashuka mpaka kumi na nne. Alipochomoa hita ya maji, mita ikalala sifuri, safari hii sifuri ya kweli. Kila kifaa kilikuwa kikivujisha kidogo, na kile kidogo hakikuwa na pa kwenda.

Akafungua soketi. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umeishia ndani ya ukuta, umekunjwa kama konokono na kuzungushiwa utepe wa buluu mara tatu. Mizunguko mitatu ilikuwa yake. Hakuna fundi mwingine mtaani aliyefunga hivyo.

Miaka sita nyuma alikuwa amefika na nondo ya ethi begani ili aigongomee ardhini, ukingoni mwa baraza, akakuta waweka vigae wamemtangulia. Mzee wa Samaki alikuwa amesimama juu ya vigae vyake vipya, mikono kiunoni. "Usinivunjie," alimwambia. Naye fundi akajibu, "Hamna shida, mzee, tutamalizia baadaye." Nondo akairudisha kwake, ikawa ya kuanikia nguo.

Kisha mwaka jana mke wa Mzee wa Samaki alimpigia simu. Binti analalamika maji yanamuuma, tufanyeje? Fundi alikuwa juu ya ngazi mahali pengine, bisibisi mdomoni. "Mwambie avae ndala," alisema.

Binti alivaa ndala miezi mitano, mpaka siku mkanda wa ndala moja ulipokatika.

Fundi Baadaye alirudisha kifuniko cha soketi na kukaza skrubu zote mbili, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Saa kumi kamili ikasikika ndala moja ikitembea kutoka jikoni: kwa, kisha kimya cha mguu mtupu, kisha kwa.

"Kunjeni miguu," alisema mke wa Mzee wa Samaki, "apite."

Wakakunja. Binti alipita katikati yao amevaa ndala moja, nyingine ameishika mkononi, mkanda unaning'inia. "Shikamooni," alisema. Wakubwa wakaitikia marahaba. Alikiondoa kitambaa msumarini, akakunja mkono wa gauni, akautia majini mpaka begani na kuanza kusugua kioo kwa ndani. Alikuwa akija kila siku tangu arubaini yake ilipopita. Mwanzoni waliwahi kumwambia apumzike, lakini kioo kilikuwa kinang'aa, na msichana wa pili waliyemwajiri alikuwa mvivu, wakamwachisha.

"Pembe ile hujaifikia," alisema mke wa Mzee wa Samaki.

"Naifikia, mama."

Vifaa vyote vilikuwa bado vimechomolewa. Mita juu ya zulia ilipanda mpaka volti mia mbili thelathini na moja, ikatulia hapo. Fundi alikwenda kwenye meni swichi akazima nyumba nzima. Feni zikasimama, tamthilia ikakatika katikati ya harusi, watu wakaguna. Mita haikushuka hata volti moja.

"Umepata?" aliuliza Mzee wa Samaki.

"Nimepata. Ni wa kwake huo. Umeme uliomwingia siku ile haukupata njia ya kushuka ardhini, kwa hiyo bado anao. Akitia mkono, anauacha majini."

"Ahaa," alisema shangazi. "Ndiyo maana jana kijiko changu kilinitekenya."

"Na ukiufunga waya wa ethi?" aliuliza Mzee wa Samaki.

"Utashuka. Naye atapumzika."

"Kwa kuvunja vigae?"

"Vitatu. Vikizidi, vinne."

Mzee wa Samaki aliwatazama samaki wake. "Fundi, vigae si kitu. Lakini tukivunja, watu watauliza tumevunja kwa nini." Akainama karibu, sauti ikashuka, ingawa hakuna aliyeacha kusikiliza. "Ndugu yangu anajenga ghorofa nne. Anatafuta mtu wa umeme. Nilikuwa nimekutaja wewe."

Binti hakugeuka. Alikuwa kwenye ile pembe. "Fundi," aliuliza, "umekuja kumalizia?"

Watu saba walitazama vikombe vyao.

"Baadaye, binti," alisema fundi.

"Haya," alisema binti, akaendelea kusugua.

Nje, mtu alibisha hodi. Alikuwa mama wa binti. Kila Alhamisi alikuja asubuhi, akapewa chai barazani, wala hakupata kukaribishwa ndani, akauliza swali lake moja, akajibiwa, akaondoka. Leo alisikia fundi wa umeme ameitwa, akaja tena alasiri. Alisimama ukingoni mwa baraza, juu ya vigae vilevile vitatu, amevua kandambili zake kwa heshima.

Kutoka ndani ikasikika: kwa, kimya, kwa.

"Huyo ni mwanangu anatembea," alisema.

"Ni yeye," alisema shangazi, aliyekuwa ametoka na wengine wote kuona. "Hakosi siku."

"Bado mnamfanyisha kazi?"

"Anajileta mwenyewe, dada yangu. Na hachelewi."

Mama yule alitikisa kichwa taratibu. Kisha akamgeukia fundi. "Baba, wewe ndiye mwenye mashine. Mdogo wake alikuwa amechumbiwa. Wakwe wamesikia dada mtu kafa kwa moyo, wanasema ukoo wetu una ugonjwa, hawataki mtoto wa kufa ujanani. Wamenipa mpaka Jumapili. Mimi sitaki kesi na mtu, wala sina ubavu wa kesi. Nataka neno moja tu nikawaambie. Mwanangu aliuawa na nini?"

Mzee wa Samaki alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Fundi Baadaye aliangalia miguu ya mama yule. Kucha zilikuwa na vumbi la njia ndefu, na chini yake kigae kilikuwa hakina hata ufa.

"Mashine hii inapima maji tu, mama," alisema. "Mambo ya moyo wanajua madaktari."

"Asante, baba," alisema mama, akavaa kandambili zake. Shangazi alimsindikiza hadi getini, maana hakuna mtu aliyetoka nyumba ile bila kusindikizwa.

Fundi aliweka mkeka wa mpira mbele ya tangi, akabandika karatasi kwenye kioo: MTU ASIGUSE MAJI SAA KUMI HADI KUMI NA MOJA. Kazi ikaonekana nzuri. Samaki waliokufa walibadilishwa kwa wengine wa rangi zilezile, na mwezi uliofuata fundi akaanza kupitisha nyaya kwenye ile ghorofa nne.

Wakwe hawakurudi. Baada ya miezi miwili mdogo mtu alikuja nyumba ile na begi dogo, akaonyeshwa jiko, kamba ya kuanikia, na tangi. Mke wa Mzee wa Samaki alimpokea vizuri, hilo hata wapika majungu walikiri. Siku ya kwanza, saa kumi, dada yake alipita kati ya miguu iliyokunjwa, akamkuta mbele ya tangi amekwishashika kitambaa. Akakichukua mkononi mwake bila neno, akamsogeza nyuma kwa kiwiko, akatia mkono majini. Mdogo mtu alisimama palepale akimtazama mpaka saa kumi na moja.

Siku ya tatu alisema maji yanamuuma hata asubuhi, anapowalisha samaki.

Mke wa Mzee wa Samaki akapiga simu. Fundi Baadaye alikuwa juu ya ngazi, ghorofa ya tatu, bisibisi mdomoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitoa bisibisi, akauliza kitu kimoja tu.

"Ndala zake ni mpya?"