Niangalie, Navuka

Nisiwafiche, Jachen simpendi. Jina lake likitajwa mezani, hata supu ya shayiri hainipiti kooni. Miaka yote mimi ndiye niliyepanda milima na Ladina, msichana wa kijijini kwetu. Mimi ndiye niliyemlinda kwa macho kila alipokata mteremko, maana kwetu mmoja huvuka na mwenzake husimama akimwangalia bila kupepesa, ili theluji ikimbeba ijulikane alipozama. Mwaka huu, majira ya baridi hata hayajakolea, akaja Jachen, mtoto wa mwindaji kutoka bonde la pili, na meno yake meupe. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapi! Mwenyeji niliugua.

Siku ile tulipanda watatu, skii miguuni. Tulipofika kwenye mteremko wa kaskazini nilichimba shimo kwa sepetu, nikatia mkono. Theluji ya Oktoba huko chini ilikuwa imegeuka chembechembe tupu, inachuruzika vidoleni kama sukari. Juu yake upepo ulikuwa umelaza tabaka jipya, gumu, zito, lisiloshikana na kitu, likiguswa laporomoka.

"Hapa hapapitiki," nikasema. "Turudi."

Jachen akacheka. "Kaka, mbuzi-mwitu wamepita asubuhi. Nyayo si zile pale? Baba yangu kafuata nyayo za mbuzi maisha yake yote, na bado yu hai."

"Mbuzi hana uzito wako. Wala mdomo wako."

"Flurin, jamani!" Ladina akanikazia macho. "Sema kweli. Tatizo ni theluji, au ni Jachen?"

"Ni theluji!"

"Mh! Wenye wivu wajinyonge." Akanipa mgongo. "Jachen, niangalie, navuka."

Niangalie! Neno hilo siku zote alikuwa akiniambia mimi. Liliniunguza mpaka maini.

"Ladina!" nikapiga kelele. "Nina wivu, ndiyo, nina wivu mpaka usingizi sipati! Lakini usipite hapo!"

Akasita. Kisha akapita.

Jachen aliinama kidogo tu, abandue chini ya skii zake zile ngozi za kuzuia kuteleza wakati wa kupanda. Mlima ukaguna. Ufa ukakimbia juu ya Ladina, mteremko mzima ukavunjika vipande, ukaondoka naye. Mimi sikupepesa. Kofia yake nyekundu niliiona ikizama chini kidogo ya jabali jeusi.

"Yuko wapi? Yuko wapi?" Jachen alikuwa akizunguka na kiredio chake cha kutafutia waliofukiwa, hajui aanzie wapi.

"Funga mdomo, nifuate!"

Nilishuka moja kwa moja hadi pale jabalini. Kiredio changu kikalia. Nikachomeka fimbo ndefu kwenye theluji, mara ya pili ikagota mwili. Tukachimba kama wendawazimu. Uso ukatokea, umekuwa wa buluu, mdomo umejaa theluji. Nikaitoa kwa vidole. Akakohoa. Nililia, na sioni haya kusema.

Nilikuwa nimempakata kichwa alipofumbua macho. Akanitazama usoni kwa muda.

"Jachen yuko wapi?" akauliza. "Amepona?"

"Amepona," nikasema, nikainuka kumpisha Jachen.