Kurasa Alizovuta Mtani

Jabiri hakuwa na cheti cha sekondari, wala meza, wala kiti, wala mtandao wa simu. Hakuwa na soksi kavu. Hakuwa na mtu wa kubishana naye juu ya kitabu, maana askari wenzake handakini walipenda karata. Alichokuwa nacho ni riwaya na saa mbili za mapumziko kila alasiri, kilometa chache kutoka kwenye mapigano, mashariki ya Kongo.

Riwaya ya mwisho ililetwa na gari la chakula. Ilitoka kwa mkewe, Munira, fundi cherehani wa Chanika, Handeni. Ndani alikuwa ameweka barua:

"Mume wangu, shangazi amenipatia chumba cha kushonea Korogwe, karibu na stendi. Mama yako hataki nitoke hapa mpaka urudi. Shangazi anangoja jibu hadi mwisho wa mwezi. Humu kitabuni yamo yanayofanana na yetu. Kisome, kisha uniambie."

Alisoma siku sita. Mwanamke wa kitabuni alikuwa amefunga mizigo, mama mkwe amesimama mlangoni, hadithi ikakatika. Kurasa kumi na mbili za mwisho hazikuwapo.

"Mnyamwezi!" aliita. "Kurasa zangu ziko wapi?"

Castory, mwenzake wa handakini, alikuwa amekaa juu ya kiroba cha mchanga, anapuliza moshi. "Nimezisokotea tumbaku. Karatasi laini ile, mtani. Ninyi Wazigua mnasoma vitu vitamu."

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Babu zetu walipita kwenu na mizigo vichwani, mkawanyima hata maji. Mimi nimechukua karatasi tu, unalia?"

Wenzao walicheka. Kumpeleka kwa sajini hakukuwezekana, mtani hashtakiwi.

"Angalau ulizisoma?"

"Moja. Kulikuwa na mvua."

"Mwanamke aliondoka, hakuondoka?"

"Aondoke aende wapi na mvua ile?" Castory alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake. "Kwani kuna nini?"

Jabiri akampa barua. Castory aliisoma mara mbili, akazima sigara.

"Sasa kitabu cha nini hapa? Shemeji amekuuliza wewe."

Ni kweli, Jabiri alitaka kitabu kimwamulie. Tangu azaliwe hakuwahi kumpinga mama yake, Bi Chausiku. Lakini gari la chakula lililofika asubuhi hiyo lilikuwa linarudi saa kumi na moja, na lingine halikujulikana lingekuja lini. Alipiga magoti mbele ya sanduku la risasi, akaandika:

"Munira, kurasa za mwisho sikuzipata, na sitakudanganya kwamba nimezisoma. Nenda Korogwe. Chukua na cherehani. Haya ya chini ni ya mama. Msomee mbele ya mjomba Mdoe, asije akasema umeyatunga.

"Mama, shikamoo. Munira nimemruhusu mimi. Ukikasirika, nikasirikie mimi."

Bahasha haikuwa na gundi. Castory alileta tonge la ugali. Jabiri akapaka ukingoni, akakandamiza kwa kitako cha bunduki, akamkabidhi dereva injini ikiwa tayari inanguruma.