Vidoti vya Yasinta

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye usaili wa shahada ya uzamivu, ile ya biomekanika, yaani sayansi ya mwendo wa mwili, na mafunzo ya wanariadha, na mwenyekiti wa jopo ni goti.

Ni goti la kawaida, ila lina ukubwa wa mtu mzima na limevaa koti la suti. Nililiamkia shikamoo. Likaitikia marahaba na kunionyesha kiti.

Kando yake yuko msimamizi wangu mtarajiwa, ambaye ni mizani, ile bapa inayolazwa sakafuni kupima mguu unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Mlangoni amesimama askari mwenye sweta la kijani. Kitambulisho chake kimeandikwa Kanuni ya Kwanza ya Mwendo.

Goti likaniambia ufadhili ni kamili. Nikauliza kwa adabu, kamili maana yake nini. Likasema ada, chumba, chakula, pumzi na aibu. Aibu yangu italipiwa mpaka mwisho wa mwaka wa pili, baada ya hapo nitajitegemea. Nikashukuru.

"Sasa tuambie, binti. Kwa nini unaitaka nafasi hii?"

Hilo ndilo swali ninaloliogopa hata nikiwa macho. Usaili wa kweli ni leo asubuhi, kwa njia ya kompyuta, na jibu nililoliandaa lina maneno mazuri ambayo si yangu. Jibu langu ni Yasinta, mdogo wangu, aliyekuwa akiupanda mlima wa kwetu Mbulu kwa mbio huku akiimba, mpaka kano ya goti ilipokatika kwenye mashindano ya shule. Goti lilitibiwa, likapona. Yeye hakukimbia tena. Raba zake zinaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda chetu, na macho yake yakizigusa anageukia ukutani. Nataka kusoma mpaka nijue ni nini ambacho hakijapona.

Nilitaka kusema hivyo. Lakini kinywa changu kiliomba radhi, kikatoka nje kunywa chai.

"Hana kinywa," mizani ikasema. "Tumpime macho."

Taa zinazimwa. Maabara tuliyomo inakuwa uwanja wa shule yetu ya msingi, ila sasa una dari. Kamera za hapa hazioni watu. Zinaona tu vidoti vya fedha vinavyobandikwa kwenye viungo. Vidoti vya bega, mgongo, nyonga, goti na kisigino vinapita gizani, mtu baada ya mtu, bila uso wala nguo. Goti linataka nimtaje mmoja ninayemjua.

Wanapita wengi. Kisha anapita mtu ambaye kisigino chake cha kulia kinachelewa kidogo kutua, kana kwamba mguu unauliza kwanza kama kuna aliyelala.

Ningemjua hata angebaki kidoti kimoja. Ninanyoosha kidole.

Vidoti vinakaa chini katikati ya uwanja.

"Basi," askari akasema. "Kilichotulia kitabaki kimetulia."

Kinywa changu kikarudi mbio, hakijamaliza chai. "Mpaka lini, afande?"

"Mpaka kisukumwe. Sheria si yangu, dada. Mimi nalinda mlango tu."

Nikamwita Yasinta. Nikamsihi ainuke. Mizani ikaonyesha sifuri, ikanieleza kwa upole kwamba maneno haina namna ya kuyapima.

Nikavua viatu. Nikamkanyaga msimamizi wangu huku nikimwomba samahani, nikaweka kiganja kwenye kidoti cha mgongoni, kama nilivyomsukuma kila asubuhi tukipanda kwenda shule, yeye akilalamika, "Dada, taratibu bwana," na kucheka. Nikasukuma. Mgongo wake nao ukanisukuma kwa nguvu ileile, ukanirudisha hadi ukutani.

Vidoti vinainuka. Vinakimbia. Vinatoka kupitia dirishani, vinapanda mlima, vinakuwa vidogo kama punje za chumvi. Ninataka kumfuata, hata nimwone tu mpaka kwenye kona, lakini askari ananishika mkono. Anasema kadiri alivyokwenda yeye ndivyo nilivyorudi mimi, na hakuna wa kumlalamikia.

"Nafasi umepata," goti likasema. "Ila hamu ya kumwona haimo kwenye ufadhili. Hiyo utajilipia mwenyewe."

Nikasema sawa.

Nilipoamka, upande wa Yasinta kitandani ulikuwa umepoa. Juu yangu msumari ulikuwa mtupu.

Kutoka jikoni mama akauliza nani katoka mapema hivi akaacha geti wazi.

"Ni Yasinta, mama," nikajibu, na sauti ikatoka bila kutetemeka.

Nikafungua kiganja kufuta machozi. Katikati yake kilikuwa kimenata kidoti kimoja cha fedha, bado cha moto.