Aonekane Kila Mahali

Dukani, mpiga video alishika kamera mbili, moja kila mkono, kama anayepima vitunguu. Muuzaji akawasha ile ndogo, akapiga picha ukucha wake mwenyewe na kumwonyesha kwenye kioo. Ufa ulionekana, na uchafu pia.

"Hii ni picha safi, dada. Ukiwa na chunusi, imekula kwako."

"Na sauti?"

"Sikio la jirani."

Akaichukua hiyo.

Siku ya harusi, baba wa bibi harusi alimvuta kando, karibu na spika. "Mwanangu, nakuagiza neno moja tu. Mama wa bibi harusi aonekane kila mahali."

Alimaanisha mke wake mpya, aliyekaa mbele na kilemba kirefu. Mama mzazi, fundi cherehani wa mtaani, hakualikwa. Kamera ilikuwa imeshawashwa, na agizo ililisikia kama lilivyosemwa.

Mpiga video alipokaa kuhariri, alimkuta fundi kila mahali. Kwenye kuingia ukumbini alikuwa nyuma ya bibi harusi, akishona pindo lililofumuka, uzi mdomoni. Kwenye keki alikuwapo. Akamkata. Alipoicheza video tena, fundi alikuwa amerudi, tena amesogea mbele kidogo. Akafunga kompyuta, akaenda kumuuliza mwenyewe.

"Mimi siku ile nilikuwa hapa hapa, nashona sare za shule," fundi alisema bila kuacha kukanyaga cherehani. "Nimevaaje humo?"

"Gauni la kijani. Na futi shingoni."

"Ningejua ningevaa lile jingine." Akakata uzi kwa meno. "Mwanangu alipendeza?"

"Sana, mama."

"Basi nitakwenda nikamwone."

Mpiga video alipeleka video kwa baba. Wakaangalia familia nzima sebuleni. Bibi harusi alisogea karibu na televisheni, akawa anarudisha nyuma pale pa pindo, mara kwa mara.

"Mwambieni huyo fundi asogee, ananiziba humo," alisema mama wa kambo.

"Si umeambiwa uonekane, ukavaa kilemba? Mwenzio kaonekana bila kilemba," shangazi akamtania.

Baba akakuna kidevu. "Maneno niliyatoa mimi: mama wa bibi harusi. Mwacheni."

Tangu hapo, kila Jumapili video ilichezwa. Walimzoea fundi. Mama wa kambo alijifunza kuinamisha kichwa upande ili aone vizuri. Wageni wakisalimia, walisalimia na televisheni.

Jumapili moja mpiga video alikuja kumletea shangazi nakala yake. Mlango ukagongwa. Alikuwa fundi, amevaa gauni lile jingine, la maua, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Bibi harusi akainuka. Baba akamwashiria akae, akaenda yeye, akafungua mlango upana wa uso wake.

"Nimekuja kumwona mwanangu," fundi alisema.

"Lakini umo ndani, mama. Tunakaa na wewe kila wiki. Nani amekunyima?" Hakuwa na hasira. Alimwambia kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Akafunga, akarudi kitini. Kwenye televisheni, fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya bibi harusi, anatunga uzi.

"Ongezeni sauti," baba alisema, "kuna mtu anagonga."