Koti la Gérard kwenye Kamati ya Wanawake

Nawategea, nijibuni: hana kichwa, lakini wanaume wanamvulia kofia. Ana mikono, hana vidole, lakini anapiga sahihi. Hana tumbo, lakini chai inaanzia kwake. Ni nani huyo? Mkikosa si kitu. Kaeni, nitawapitisha mlangoni kwake.

Siku ya Jumanne, mwezi wa pili wa mwaka 2004, Bulonza alikuwa mbele ya nyumba yake kule Kadutu, akipuliza makaa ya pasi. Alikuwa mshonaji. Mashini yake ilikaa karibu na dirisha, na karibu na mashini kulikuwa kiti, na juu ya kiti kulikuwa koti la mume wake: rangi ya majivu, mifuko minne, vifungo vitatu.

Mume wake, Gérard, aliondoka mwaka 1998, vita vya pili vikiwa bado vichanga. Alikwenda Kavumu kutafuta maharagi. Alisema atarudi kabla ya mvua. Mvua ilirudi. Koti aliliacha kwa sababu siku ile jua lilikuwa kali.

Wakati ule askari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na nyumba yenye mwanaume waliipita haraka kidogo. Basi Bulonza alilivalisha koti kwenye kiti, mgongo ukielekea mlangoni, na majirani wakajua la kufanya. Kila aliyepita alisema kwa sauti ya kufika barabarani: "Jambo, Papa Gérard!" Maman Madeleine, wa nyumba ya pili, alizidisha. "Papa Gérard, ile kikohozi yako imepona?" Kisha alikohoa mwenyewe, kwa sauti nzito, akaendelea na njia yake.

Ikawa hivyo asubuhi na jioni, miaka mitano na nusu. Koti likisalimiwa muda wote huo, nalo linazoea.

Jumanne ile Bulonza alikuwa ameitwa kwenye biro, ofisi ya viwanja. Shemeji yake Philémon, mdogo wa Gérard, alikuwa amepeleka barua: nyumba ya yaya wake, kaka yake mkubwa, haina mwanaume, apewe yeye. Bulonza alikuwa na siku mpaka mwisho wa mwezi. Asipopata karatasi ya kiwanja, atatoka na mashini kichwani, na hakujua mahali pa kuishusha. Matofali ya nyumba ile aliyanunua yeye, sketi moja ya shule baada ya nyingine. Hata bati la jikoni ni sketi kumi na nane za rangi ya bluu.

Kwenye ukuta wa biro kulikuwa tangazo kubwa, bado linanuka gundi: SERIKALI INAAHIDI, MWANAMKE NA MWANAUME SAWASAWA. Chini yake alikaa karani, Camille, mtu mpole, mwenye kupanga kalamu zake kama watoto kwenye mstari wa shule.

"Bwana yako alikufa?" aliuliza.

"Sijui. Alienda Kavumu."

"Basi ako muzima."

"Sijui, Papa Camille. Hajarudi."

"Sikia, maman. Karatasi iko na nafasi mbili tu. Hapa, mujane wa fulani. Hapa, muke wa fulani. Kama alikufa, leta cheti ya kifo. Kama ako muzima, leta yeye mwenyewe akuruhusu. Bila ruhusa ya bwana sitakuandikia parcelle, ile kiwanja."

"Na ile yenye iko ku ukuta?"

Camille aligeuka, akasoma tangazo lote mpaka jina la mwenye kulichapa. "Ile ni ahadi," alisema. "Iko muzuri sana. Lakini hii ni karatasi." Akachukua kalamu. "Sasa, mujane hauko, na bwana hauna wa kuonyesha. Wewe uko nani?"

Bulonza alifungua mdomo. Kengele ya saa sita ililia kanisani, na Camille akafunika kalamu. "Utanijibu siku ingine, maman. Nenda kula."

Aliporudi nyumbani, koti lilikuwa na mabega.

Mtu hakuwamo. Ndani kulikuwa tupu kama siku zote, bitana ikionekana. Lakini mabega yalijaa, mgongo ulinyooka, na kifungo cha katikati kilipanda na kushuka kidogo. Bulonza alitazama kwanza mshono wa kwapa la kushoto. Ulikuwa umevutika. Akachukua sindano, akaukaza.

"Ukikaa vile utapasuka," aliliambia.

Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti, kama wanawake wote wanavyofanya kwa waume zao. Akakuta harage moja, kavu, lenye vumbi jekundu. Zamani halikuwamo. Alilishika muda, akalirudisha, akafunga mfuko.

Asubuhi yeye na koti waliteremka pamoja kwenda biro. Koti lilikwenda kwa kimo cha Gérard, bila miguu, polepole kwa sababu ya matope. Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka Mudaka, mizigo ya sombe, majani ya muhogo, mgongoni na kamba kwenye paji la uso, walijisukuma pembeni kulipisha. "Jambo, Papa." Kwenye kizuizi askari alimwomba Bulonza kitambulisho. Koti hakuliomba kitu. Alilipigia saluti.

Camille alisimama mara moja. "Papa Gérard! Karibu. Tulikungoja." Akalipatia koti kiti chake mwenyewe, akaagiza chai. Chai ilitangulia kwa koti, kisha kwa Camille, na birika ikawa imekwisha.

"Papa anajua kusoma?"

"Ako na mifuko ine," alijibu Bulonza.

Camille aliona inatosha. Alilaza mkono wa koti juu ya karatasi, akapiga mhuri. Kazi yote ilichukua dakika kumi na mbili. Bulonza, aliyefika darasa la sita, alisoma pale pale akiwa amesimama: Mwenye kiwanja: Koti, rangi ya majivu. Na chini, kwa herufi ndogo: Mwanamke mmoja anakaa humo kwa ruhusa.

"Jina yangu iko wapi?"

"Lakini uko pale, maman! Mwanamke mmoja. Ni wewe, hakuna mwingine mule."

"Nataka iandikwe Bulonza."

"Ah, ile sasa ni haki za wanawake," alisema Camille, akimrudishia karatasi kwa mikono miwili. "Ile itakuwa kazi ya kamati. Iko inakuya."

Siku ya Mungu, baada ya misa, Philémon alifika na dumu la kasiksi, ile pombe ya ndizi. Alisimama mlangoni akitazama yale mabega. Akavua kofia.

"Yaya," alisema, "mimi nilikuwa nakuchungia tu nyumba."

Alikaa karibu na koti, akalimiminia kikombe kwenye kola. Kasiksi ilipita ndani yote ikatoka chini ya kiti, na Bulonza akaleta kitambaa. Philémon alilieleza koti habari za mbuzi wake, za magoti yake, za binti yake Joviale aliyekataa kuolewa Kabare. Jioni alipoondoka alikuwa na uso mwepesi.

"Shemeji, yaya siku hizi anasikiliza kuliko zamani."

"Zamani alikuwa na mudomo," alisema Bulonza.

Hivyo nyumba ikapona mikononi mwa Philémon. Katika mikono ya koti haikupona. Kila mara Bulonza akitaka kitu, kurekebisha bati, kuweka meza ya pili kwa wasichana aliowafundisha kushona, watu wa biro waliuliza kwanza koti linasemaje. Koti lilikuwa halisemi kitu, na kutosema kuliandikwa kama kukataa. Basi alingojea kamati.

Kamati ilikuja. Kulitoka ahadi nyingine Kinshasa, hii ikiwa na utepe: wanawake watapewa viti kwenye kila baraza, na kila mji utakuwa na kamati ya haki zao. Wakubwa wa mji walitaja wanawake sita. Bulonza alikuwa wa tatu, kwa sababu nusu ya wasichana wa Kadutu walishika sindano kwake. Barua iliwaomba jambo moja tu: kila mmoja afike na ruhusa ya bwana.

Maman Madeleine alifika na kofia. Bwana yake alichukuliwa barabarani mwaka 1996, kofia ikabaki. Emérence wa Lwiro alifika na buti. Wengine watatu walileta sweta, mkanda na suruali. Vyote vilikuwa vimekaa miaka mlangoni vikisalimiwa, na vyote vilikwenda vyenyewe. Mkanda ndio ulichelewa, kwa sababu ya ngazi.

Camille alihesabu viti. Vilikuwa sita. Wanawake sita na ruhusa zao sita walikuwa kumi na wawili. Alikwenda kuuliza juu, akarudi na jibu lenye akili: mwenye kuruhusu ni mkubwa kuliko mwenye kuruhusiwa, kwa hiyo waketi wenye kuruhusu. Wanawake wangoje kwenye veranda, kama kutakuwa kitu cha kukunja.

Kamati ilifanya kazi nzuri. Hakuna aliyemkata mwenzake neno. Hakuna aliyetoka kujibu telefoni. Suruali ilisinzia, lakini kwa heshima. Kila azimio lilipita bila upinzani, na kwenye milima upande wa pili bunduki zililia mara mojamoja, kama mtu anayesafisha koo akiwa mbali.

Kwenye veranda Emérence alikuwa anachambua maharagi kwenye ungo. "Buti zangu zitasema nini mule ndani?"

"Zitasema vile zilikuwa zinasema ku nyumba," alisema Madeleine. "Chakula iko wapi."

Walicheka mpaka Camille akatoka kuwaomba wanyamaze, kamati ilikuwa inazungumza juu ya sauti ya mwanamke.

Tarehe nane ya mwezi wa tatu, siku ya wanawake, mjumbe alishuka kutoka Kinshasa kwenye ndege ya Kavumu. Alikuwa mwanamke, Maman Adélaïde, mwenye miwani na kilemba kirefu. Wanawake sita walikuwa wamevaa pagne, vitenge vya namna moja, vilivyoshonwa na Bulonza kwa siku nne. Mjumbe aliwakumbatia wote sita, mmoja mmoja. "Leo ni siku yenu, bamama," aliwaambia, akaingia, mlango ukafungwa. Dirisha lilibaki wazi kwa sababu ya joto, na Bulonza alisimama hapo.

Alisikia wanasoma jambo lake. Camille alisoma vizuri, bila kuruka neno: mwanamke mmoja wa Kadutu anaomba jina lake liandikwe kwenye karatasi ya nyumba aliyoijenga. Nani anakataa? Hakuna aliyekataa. Nani anakubali? Koti halikusogea. Kofia haikusogea. Buti zilitazama mbele.

"Limewekwa kando," alisema Camille, akaandika.

Mjumbe alisifu. Alisema amezunguka miji mingi na hajaona kamati ya wanawake yenye utulivu hivi. Ripoti ililetwa apige sahihi. Kwanza alifungua mkoba wake, akatoa tai ya mwanaume, nyekundu yenye mistari, akaikunjua na kuilaza karibu na karatasi.

"Bwana yangu, Papa Alphonse, anawasalimia," alisema.

Tai iliinua ncha yake, ikaishusha juu ya mstari wa ruhusa. Ndipo mjumbe akapiga sahihi yake chini.

Ikabaki sahihi ya kamati. Koti, likiwa mwenyekiti, lilijinyoosha kufikia kalamu, na kifungo cha katikati kikakatika. Kilianguka kwenye simenti, kikabingirika mpaka mguuni kwa mjumbe. Koti likafunguka kifuani, na wote wakaona hakuna mtu ndani. Waliangalia pembeni, kama mtu anavyofanya papa wa watu akifungukiwa na suruali.

"Kuko mwenye sindano?" aliuliza mjumbe.

Bulonza aliitwa. Aliingia, akachutama mbele ya mume wake, akatia uzi mwekundu kwa sababu ndio aliokuwa nao. Camille alifungua daftari.

"Kanuni ni kanuni, maman. Mwenye kuingia anaandikwa. Mujane wa, ama muke wa? Toka mwezi wa pili hujanijibu."

Bulonza alikuwa na sindano mdomoni, kisha alikuwa na kifungo mkononi. Alipitisha uzi mara nne, akauzungusha chini ya kifungo ili kikae, akafunga fundo. Ndani ya mfuko, harage liligonga kidogo. Mjumbe aliinama, akavua miwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Acha nimuulize mwenyewe," alimwambia Camille. "Maman, kwa huyu papa, wewe uko nani?"

Kalamu ya Camille ilikuwa juu ya zile nafasi mbili, ikingoja ishuke kwa moja. Bulonza alikata uzi kwa meno, akalipangusa koti kwenye bega.

"Ni miye nilimushona."