Samaki Weusi wa Bwawani

Fundi cherehani alimdanganya mama yake haraka haraka, kama mtu anayemeza kidonge kichungu. "Wa dhahabu, Mama. Wote wanang'aa."

Tusimhukumu kabla hatujamsikiliza. Bwawa lenyewe lilichimbwa na marehemu baba nyuma ya nyumba, dogo, mtu mzima akilala kando yake ameshalimaliza. Tangu mzee afariki lilifuga majani makavu tu. Na macho ya mama yalikuwa yanafifia. Daktari alisema ukungu ule hauna dawa, utazidi tu. Nyuso alikuwa hazioni tena, alibakiwa na rangi kali zikiwa karibu. Akaomba jambo moja: awekewe samaki wanaong'aa, awaone kabla giza halijamfungia mlango.

Fundi akaenda kwa mfugaji wa samaki. Kwenye matangi ya kioo waliogelea samaki wa bluu na wa manjano, wembamba kama utepe. Akanyoosha kidole. Mfugaji akatikisa kichwa.

"Hao ni wa maji ya vuguvugu, dada. Kwenu asubuhi baridi inauma. Hawamalizi wiki."

"Na wale wakubwa wekundu?"

"Wale wanafika urefu wa mkono wako. Kwenye bwawa lako utakuwa umewafunga jela." Akainua ndoo. Ndani mlikuwa na samaki sita, wadogo kama vidole, weusi kama matope. "Chukua hawa. Baridi haiwatishi, na nafasi inawatosha. Wape muda tu."

Muda wa kuzoea maji, ndivyo fundi alivyoelewa. Akarudi na mfuko wake, akamkuta mama amekaa barazani, uso umeshaelekea getini. Hapo ndipo uongo ulipomtoka.

Basi kila asubuhi mama aliinama bwawani hadi pua ikakaribia kulowa. "Wako wapi?"

"Hapo hapo, Mama. Mbele yako."

Siku moja akajinyoosha, akafuta mikono kwenye gauni. "Basi yameisha," alisema. "Samaki wa dhahabu wako mbele ya pua na siwaoni. Macho yameisha, mwanangu."

Hakutoka tena nje. Akaanza kujifunza kwenda jikoni kwa kupapasa ukuta. Fundi akawa anawatupia samaki chakula bila kuwatazama, kwa aibu, kisha anakimbilia cherehani yake. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilichukua msimu mzima wa baridi, na kila kiganja cha mama kilichogusa ukuta kilimkata maini.

Jua liliporudi, akapiga moyo konde. Akamshika mama mkono, akampeleka bwawani.

"Mama, nilikudanganya. Samaki ni weusi. Hata mwenye macho mazima anawatafuta. Macho yako hayajaisha, mimi ndiye niliyeyamaliza."

Mama akainama, labda kwa mazoea, labda kwa hasira.

"Weusi?"

"Weusi, Mama. Wote sita."

"Sasa huyu anayewaka ni nani?"

Fundi alidhani mama anamhurumia. Hata hivyo akatazama. Katikati ya wale weusi alikuwepo mmoja ambaye weusi ulikuwa umembakia mgongoni tu. Kwingine kote alikuwa rangi ya chungwa lililoiva, anageuka polepole juani. Mwenzake wa pili alikuwa ameanza tumboni.

Akapiga magoti kwenye tope. Hakuna aliyewapaka. Rangi ilikuwa ndani yao tangu kwenye ndoo. Miaka yote ya kushona ameona nguo zikiingia majini na kuchuja. Hakuwahi kuona kitu kinachokaa majini kikazidi kukolea. Akaogopa, kama anavyoogopa mtu aliyeonyeshwa jambo kubwa kuliko yeye. Na aliyemwonyesha ni mama, kwa macho yale yale.

"Walikuwa sita, ulisema," mama akamkumbusha.

"Sita. Wengine bado."

"Nitawangoja, kama macho nayo yatangoja." Mama akapapasa hewani mpaka akapata bega la binti yake. "Na siku nisipowaona, utakuwa unaniambia rangi zao. Safari hii utasema kweli."

"Nitasema kweli, Mama."

"Haya, lete viti."

Fundi akaingia ndani, akatoka na viwili.